Kuku wa kienyeji ni ghali, mbona nyumba ya kienyeji ni aibu?

#1 Mjukuu wa Tandika

Wakuu, salaam. Nina swali lililonikwama kooni tangu kikao cha familia cha mwezi uliopita.

Bibi ametuachia nyumba Tandika. Ni ile nyumba ambayo kila aliyekulia Dar es Salaam anaweza kuichora akiwa amefumba macho: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na huko uani banda lenye jiko, choo na bafu. Babu aliijenga kwa fito na udongo akaiezeka makuti. Baadaye makuti yakapisha madebe yaliyokunjuliwa, madebe yakapisha mabati, na kuta zikageuzwa tofali za saruji ukuta mmoja baada ya mwingine, kila mpangaji alipohama na chumba kikawa wazi. Leo humo ndani hutaona hata ufito mmoja wa zamani, lakini ramani yake haijasogea hata hatua moja.

Mjomba anataka ivunjwe kwa sababu ni "ya kienyeji". Kaka yangu anasema si ya kienyeji tena, kwa kuwa ni saruji na bati tupu, kwa hiyo hakuna cha kuhifadhi na ivunjwe. Mimi nadai kwamba nyumba ile ni ya kienyeji kuliko mabanda yote ya makuti ya hoteli za ufukweni, kwa kuwa ukienyeji haumo katika udongo, umo katika namna nyumba inavyopangwa na kutumiwa. Nakosea wapi? Na kwa nini neno hilohilo likiwa kwa kuku hupandisha bei, likiwa kwa nyumba huishusha?

#2 Kibubu

Unakosea mwanzoni kabisa, mkuu. Nyumba ya kienyeji ni ile ambayo ukitaka kuijenga hupandi daladala kwenda kununua chochote: miti iko porini, udongo uko miguuni pako, nyasi ziko bondeni na kamba unazichuna kwenye magome. Siku babu yako aliponunua bati la kwanza alihama kienyeji. Kuku hana bati, ndiyo maana bei yake iko palepale juu.

#3 Mzee wa Kamusi

Tuanze na neno lenyewe kabla hatujagombana. "Kienyeji" limetoka kwa mwenyeji, yule ambaye mgeni humbishia hodi. Kwa maana hiyo nyumba ya kienyeji ni nyumba iliyojengwa kwa kufuata mwenye mahali anavyojua na anavyotaka, na ndani ya neno hakuna dharau yoyote. Dharau imeletwa na watumiaji. Wazungu wao ndio waliobeba dharau ndani ya neno, kwa kuwa jina wanalouita usanifu wa namna hii, *vernacular*, lina asili ya Kilatini, *verna*, lililomaanisha mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Lilizoeleka kwanza kwa lugha za watu wa kawaida, kisha likahamia kwenye majengo yao.

Mwaka 1964 msanifu mwenye asili ya Austria, Bernard Rudofsky, aliandaa maonyesho ya picha katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, akakusanya majengo ya pande nyingi za dunia ambayo hayakuwa na msanifu anayejulikana kwa jina. Tangu hapo wasomi wengi wakaacha kuyaona majengo hayo kama vibanda. Maonyesho yale yalikuwa na kasoro moja kwa maoni yangu: yalipenda sura ya nyumba kuliko habari za waliolala ndani yake.

Ufafanuzi ninaoukubali ni huu: ni ujenzi ambao ujuzi wake uko mikononi mwa jamii yenyewe, unapokezwa kwa kutazama na kushika kazi, hautegemei mchoro wa karatasi, na hujibu hali ya hewa, vifaa na desturi za mahali. Kwa ufafanuzi huo nyumba ya Tandika inapita mtihani, na banda la hoteli linafeli, kwa sababu limechorwa ofisini ili lifanane na kumbukumbu ya mgeni.

#4 Mwana wa Tembe

Salaam kutoka Dodoma. Kibubu ana haki kidogo, kwani huwezi kuitenga nyumba na ardhi iliyoizaa. Hapa Ugogo mvua ya mwaka kwa kawaida haizidi sana milimita 600, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miti mirefu iliyonyooka ni adimu, nyasi nzuri za kuezekea ni adimu, udongo ndio mwingi. Ndipo ikazaliwa tembe: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo zenye panda, ikizunguka uwanja ambamo ng'ombe hulala.

Nimekulia ndani yake hadi darasa la nne. Paa hupangwa hivi: juu ya nguzo huwekwa miamba, yaani miti ya kulaza, juu ya miamba fito zilizobanana, juu ya fito majani, kisha udongo unaoshindiliwa kwa miguu. Mvua kubwa ikinyesha, mtu mwepesi, ambaye aghalabu nilikuwa mimi, alipanda na kikapu cha udongo mkavu kuziba mahali palipoanza kudondosha. Kiangazi paa hilohilo lilikuwa kichanja cha kuanikia mboga na karanga, na mbuzi wa jirani waliliona kama malisho. Joto la Oktoba, ambalo leo linatufukuza chini ya bati saa sita mchana, halikuingia mle.

Ila sababu ya ufupi wake inabishaniwa hata na wazee. Babu yangu alisema ni vita, kwa kuwa nyumba fupi haionekani kwa mbali na wavamizi. Baba alisema ni upepo. Mama, ambaye ndiye aliyeikandika, alisema ni kwa sababu nguzo ndefu hazikupatikana na nyingine zote ni hadithi za wanaume.

Tulihama mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji. Kwenye kijiji kipya kampeni ilikuwa "nyumba bora", na nyumba bora ilimaanisha tofali na paa la mgongo. Hakuna aliyetukataza tembe kwa maandishi, lakini viwanja vilivyopangwa kwa mistari havikuwa na nafasi ya nyumba inayolala pamoja na ng'ombe wake.

#5 Wa Mkomani

Ahsante, Mwana wa Tembe. Nami nitasema ya kwetu Lamu, kwa sababu nadhani nyumba ya Tandika ina ukoo nasi.

Nyumba ya mawe ya Lamu hupimwa na mti. Boriti, yaani nguzo ya mkoko, hubeba dari zito la mawe na chokaa, na haiwezi kulibeba kwa usalama ikizidi urefu wa mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu sana lakini upana wake ni kati ya mita 2.5 na 3, na hakuna tajiri aliyeweza kuukwepa mpaka huo, hata awe na majahazi mangapi. Unaingia dakani, penye baraza mbili za mawe zinazotazamana. Unapinda kona, ili apitaye njiani asione ndani. Unatokea kiwandani, ambako juu ni mbingu. Kisha unapita msana, yaani ukumbi mrefu, kisha msana wa pili, hadi ndani kwenyewe. Kila hatua sakafu huinuka kidogo na faragha huongezeka. Mgeni wa kiume anaweza kuja miaka kumi asivuke daka wala sabule, yaani chumba cha wageni, na asijione amenyimwa kitu.

Sasa tazama nyumba ya Dar es Salaam. Baraza ni daka lililosukumwa nje, na ukumbi ni kiwanda kilichoezekwa. Kwa hiyo namuunga mkono Mjukuu: nyenzo zimebadilika mara tatu, ukoo haujabadilika.

#6 Kibubu

Wa Mkomani, hizo nyumba zenu za mawe zililetwa na Waarabu na Waajemi, na hilo tulisoma tangu shule. Mnataka kuzihesabu kuwa za kienyeji? Basi hata kanisa la mawe la Mjerumani ni la kienyeji, maana mawe yake hayakuja na meli.

#7 Mchimba Vigae

Kibubu, umesoma shule ya zamani. Watafiti wa enzi ya ukoloni waliandika hivyo kwa sababu kila walipoona ukuta wa mawe walimtafuta mgeni aliyeujenga. Uchimbaji uliofanywa Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980 chini ya Mark Horton, uligeuza habari hiyo. Chini ya msikiti wa mawe palikutwa alama za misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Watu wa mahali walianza na miti, kisha wakajenga kwa tumbawe laini lililochongwa likiwa bado bichi kutoka baharini. Yaani jiwe halikushuka kutoka jahazini. Limekua kutoka ndani ya nyumba ya miti.

Kule Kizimkazi, Unguja, msikiti una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na mtindo wa herufi zake una undugu na wa Uajemi. Huo ni ushahidi wa mkono wa mgeni katika pambo. Mtu anaweza kukodi mwandishi wa ng'ambo na nyumba ikabaki yake.

Tena Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ni ya mbao, na kwamba Kilwa, mji aliousifu kwa uzuri, ulijengwa kwa mbao na kuezekwa kwa matete.

#8 Wa Mkomani

Nakubaliana na Shanga, lakini hilo la Kilwa lishughulikie kwa tahadhari. Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, linahesabiwa kuwa la wakati uleule wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea Ibn Battuta. Itakuwaje mgeni apite karibu na jumba kama hilo halafu aseme mji ni wa mbao?

#9 Mchimba Vigae

Inawezekana kabisa. Wapo wanaosema wanakili walikosea, na wapo wanaosema aliona alichokiona, yaani mji wa watu wengi wa miti na udongo, pamoja na majumba machache ya mawe ya wakubwa. Mimi niko upande wa pili. Magofu hutudanganya, kwa kuwa jiwe hubaki na fito huoza, kisha mjukuu huja akadhani mababu wote waliishi kwenye mawe. Ukitaka nyumba ya kienyeji ya pwani iliyolalwa na watu wengi zaidi, ni ya fito, udongo na makuti ya viungo, ambayo hakuna mtalii anayeipiga picha.

#10 Binti Matrah

Nawasalimu kutoka Muscat. Familia yetu ilitoka Unguja, na nyumbani bado tunazungumza Kiswahili. Naona mnaigawana boriti kama urithi wa nyumba moja, kumbe ilisafiri. Majahazi ya msimu yalizibeba boriti kutoka Rufiji na Lamu hadi Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, ambako miti ya kujengea ilikuwa shida. Huku tunaiita *chandal*, na katika nyumba za kale ukitazama juu unaiona imepangwa darini, mara nyingine imepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Vyumba vya nyumba hizo navyo ni vyembamba, kwa sababu ileile aliyoitaja Wa Mkomani.

Sasa niambieni: chumba cha Kuwait kilichopewa upana wake na mkoko wa Rufiji ni cha kienyeji cha wapi? Biashara hiyo ilikufa kwa sababu nyingi, saruji na chuma cha fedha za mafuta zikiwa mbele, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

#11 Kibubu

Kwa hiyo kipimo changu cha daladala kimepinduliwa na jahazi. Nipeni muda nifikiri.

#12 Mpangaji wa Kudumu

Nimesoma kwa utulivu, na naona kila mtu anaitafutia nyumba ya Tandika ukoo wa heshima. Mimi nimepanga katika nyumba za namna hiyo kwa miaka 22, Buguruni, Manzese na Mbagala, na nina maelezo ambayo hayana heshima yoyote: ni mashine ya kukusanya kodi.

Hebu zingatieni historia ya mji. Wajerumani na Waingereza waliugawa Dar es Salaam, na katika miaka ya 1920 sheria za Waingereza ziliugawa kwa kutazama aina ya jengo, ili isionekane kwamba wanagawa kwa rangi ya mtu. Kukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Uswahilini ndiko mlikoruhusiwa majengo "ya kienyeji". Kwa hiyo neno analolitumia mjomba wako, Mjukuu, limewahi kuwa neno la sheria, na maana yake ilikuwa "jengeni mtakavyo, barabara na mabomba hatuleti". Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza, ilikuwa imepimwa viwanja kwa mistari, na kwenye kiwanja cha mstatili nyumba yenye ukumbi katikati na milango sita inatoa wapangaji wengi kuliko nyumba yoyote nyingine. Mwenye nyumba alichukua chumba cha mbele, vilivyobaki akavipangisha kwa vibarua waliokuja kutoka bara.

Wa Mkomani anasema ukumbi ni kiwanda kilichoezekwa. Kiwanda ni cha faragha ya familia moja. Ukumbi wa Manzese ni njia ya watu sita wasiojuana, kila mmoja ana pazia mlangoni, kila mmoja ana ndoo yake iliyoandikwa jina, na ugomvi wa luku ya pamoja husikika hadi barabarani. Sifa hizo mbili haziwezi kuwa baba na mwana.

#13 Mjukuu wa Tandika

Mpangaji, umenigusa, kwa sababu ni kweli bibi aliishi kwa kodi. Hata hivyo kodi haielezi baraza. Baraza haileti hata senti, na ingekuwa mashine ya kodi babu angeifanya chumba cha saba. Pale barazani ndipo bibi alipochambulia mchele, ndipo wazee walipocheza bao baada ya alasiri, ndipo maiti ya babu ilipongojewa na wanaume. Mpangaji mgeni alikuwa hapewi ufunguo kabla ya kukalishwa pale na kuulizwa kwao ni wapi.

#14 Mpangaji wa Kudumu

Ukaguzi wa mpangaji nao ni sehemu ya biashara. Ila la maiti nakubali, hilo halina kodi.

#15 Mama Mkandiki

Nimewasoma wote na nimecheka. Watetezi wakubwa wa udongo humu ndani, ukimwondoa mama yake Mwana wa Tembe, ni wanaume ambao hawajawahi kukandika ukuta. Nimekulia Handeni. Nyumba ya fito na udongo haijengwi mara moja. Inajengwa kila mwaka. Mvua za masika zikikatika, ukuta wa upande wa upepo umeshakuwa mbavu za mbwa, fito zote ziko nje. Unachimba udongo, unachota maji umbali ambao sitautaja, unakanyaga tope mpaka liwe laini kama unga wa maandazi, unalirushia ukutani kwa kiganja, ukimaliza sakafu nayo inadai samadi mpya. Kaka zangu walijenga mara moja wakaitwa mafundi. Mimi na mama tuliijenga mara kumi na hatukuitwa chochote.

Wanawake wa Kimasai ndio wanaojenga nyumba zao kuanzia mti wa kwanza hadi samadi ya mwisho, na bado kwenye mazungumzo ya watu boma linatajwa kwa jina la mzee. Kwa hiyo mtu anapoacha udongo na kununua bati, msiseme ameacha mila. Ameacha ndoo. Mjomba wa Tandika anaona aibu; mimi naona mgongo.

#16 Mwana wa Tembe

Shikamoo, Mama Mkandiki. Nimemsomea mama chapisho lako kwa simu, akasema nikwambie ahsante na nikae kimya. Nanyamaza.

#17 Mkazi wa Mengo

Niruhusuni niingie kutoka Kampala, kwa sababu huku swali la Mjukuu lilitufika kwa moto. Makaburi ya Kasubi, walikolazwa Makabaka wanne wa Buganda, yaliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba yake kubwa, Muzibu-Azaala-Mpanga, ilikuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza lililojengwa mwaka 1882 na kugeuzwa kaburi alipofariki mwaka 1884. Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Waliokuwapo walilia kana kwamba wamefiwa.

Kisha pakaja mabishano: ikijengwa upya, itakuwa ileile? Jibu la wenyewe lilikuwa kwamba nyumba ile haikuwa nyasi zilizoungua. Uezekaji wake ni haki ya ukoo wa Ngeye, na ndani ya paa kuna pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Buganda, nazo huwekwa kwa utaratibu na miiko. Hata hivyo kazi ilichukua miaka mingi, kwa sababu miongoni mwa mengine ilibidi vijana wafundishwe kazi ambayo wazee wachache tu walikuwa wakiijua, na mwaka 2023 ndipo ilipoondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Chini ya nyasi mpya kuna pia nguzo ambazo si za miti, na wapo wanaonung'unika hadi leo.

Kwa hiyo mimi namjibu Mjukuu hivi: uliza nani anajua kuijenga tena. Kama hayupo, hata ikisimama imeshakufa.

#18 Fundi Chokaa

Hapo Mkazi wa Mengo amenena. Mimi ni fundi Unguja, na nitasema habari ya chokaa kwa sababu watu huitaja kama rangi ya kupaka.

Tanuu tunalipanga kwa magogo, duara, na katikati tunaacha tundu la kuwashia. Mawe ya tumbawe hupakiwa juu mpaka yafike kifuani, moto unawashwa, na usiku kucha unasikia mawe yakilia. Asubuhi yamekuwa meupe na mepesi. Ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto na kupasuka kuwa unga. Chokaa hiyo inayaacha maji yaingie ukutani na kutoka. Sasa anakuja mwenye nyumba wa Mji Mkongwe, anaona plasta inabambuka, anaambiwa apake saruji ili iwe imara. Saruji inayafungia maji ndani. Unyevu unapanda na chumvi yake, unatafuta pa kutokea, unafika kwenye kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani, kinaoza taratibu bila mtu kujua. Siku dari linaposhuka watu husema nyumba za zamani ni dhaifu.

Nilipewa kazi ya namna hiyo na mwenye nyumba mmoja, nikamwambia tubandue saruji yote. Akanijibu kwamba fundi wa kweli hatumii vitu vya kienyeji. Miaka miwili baadaye aliniita, nikakuta boriti inachimbika kwa kidole.

Nisiwafiche pia kwamba tanuu moja linameza magogo mengi, na tumbawe linalovunjwa baharini ni nyumba ya samaki. Anayetaka mji mzima urudi kwenye chokaa atuambie magogo yatatoka wapi.

#19 Mzee wa Kamusi

Fundi, naomba utusaidie neno: ni "tanuu" au "tanuri"?

#20 Fundi Chokaa

Tanuri ni la mikate, mzee. Ukiniletea tumbawe kwenye tanuri nitakuchomea boflo.

#21 Mzee wa Kamusi

Kamusi yangu inayaweka pamoja, lakini nisije nikalishwa chokaa. Narudi kwenye hoja. Nimeona tuna vipimo vinne mezani na havielewani: nyenzo kwa Kibubu, ukoo wa ramani kwa Wa Mkomani, uchumi wa kiwanja kwa Mpangaji, ujuzi kwa Mkazi wa Mengo. Mama Mkandiki ameleta cha tano, ambacho wasomi wa majengo hawapendi kukigusa, nacho ni nani anayelipa kwa mwili wake. Nikichukua kipimo cha ujuzi, nyumba ya Tandika ndiyo iliyo hai kuliko zote zilizotajwa hapa, kwa kuwa leo hii fundi yeyote wa Mbagala anaweza kuipima kwa hatua na kamba bila karatasi.

#22 Wa Mkomani

Kama kweli ni ya ukoo wetu, basi ipimwe. Mjukuu, nenda kapime upana wa vyumba utuletee.

#23 Kibubu

Nimeshafikiri. Nakubali kwamba jahazi ni daladala ya wakati ule. Ila sikubali kwamba kitu chochote kinachorudiwarudiwa na mafundi ni cha kienyeji, maana hata fremu za maduka za barabarani hurudiwa bila mchoro, zote zina mlango wa chuma na ngazi tatu. Mtaniambia nazo ni urithi?

#24 Mchimba Vigae

Njoo baada ya miaka 300, Kibubu, tukuchimbie.

#25 Mjukuu wa Tandika

Nimekwenda jana na futi kamba. Vyumba vya kulia vina upana wa futi tisa na nusu. Vya kushoto ni futi kumi kasoro inchi mbili, na hakuna anayejua kwa nini upande mmoja umezidi. Mjomba amesema babu alipima kwa hatua, na siku alipopima upande wa pili alikuwa amevaa viatu. Uani, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye miti miwili myeusi, migumu, ambayo utotoni nilidhani ni chuma. Mjomba anasema ni boriti zilizotoka kwenye nyumba ya kwanza. Nimezipima kwa sehemu iliyo juu ya ardhi: futi nane na nusu. Ukiongeza kilichozikwa, zinakaribia upana wa chumba.

#26 Wa Mkomani

Si nilisema!

#27 Fundi Chokaa

Taratibu, ndugu yangu. Nyumba ya makuti ina paa la mgongo, boriti hazilali kutoka ukuta hadi ukuta kubeba dari kama kwenu. Hizo zilikuwa nguzo za kona au mwamba wa juu ya ukuta. Urefu wake ni urefu tu wa boriti zilivyouzwa sokoni.

#28 Mpangaji wa Kudumu

Na zile inchi nne zilizozidi upande wa kushoto, Mjukuu, wapangaji wa upande huo walikuwa wakilipa zaidi?

#29 Mjukuu wa Tandika

Nimemuuliza mjomba swali hilohilo. Amesema walikuwa wanalipa sawa, ila upande wa kushoto jua la jioni lilipiga ukutani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulalamika. Kikao kingine ni Jumapili, na nimeombwa nije na karatasi hii ya vipimo.